Zana za kufafanua nahau katika nyimbo za Kiingereza: ipi inajibu nini

Mtu anaweza kujua kila neno lililomo katika ubeti wa Kiingereza na bado asielewe mwimbaji amesema nini. Hilo hutokea kwa sababu mstari mmoja wa wimbo unaweza kubeba vitu vinne visivyofanana: nahau iliyokwisha kukomaa katika lugha, kitenzi ambacho maana yake imegeuzwa na kihusishi kidogo kinachokifuata, msimu, yaani neno la mtaani la miaka fulani, na sitiari ambayo mtunzi ameibuni kwa wimbo huo mmoja tu. Zana za bure mtandaoni ni nyingi, na baadhi yake ni nzuri sana, ila kila moja imejengwa kwa aina moja au mbili kati ya hizo. Anayetafuta nahau ya kamusi kwenye tovuti ya misimu, au sitiari ya mtunzi kwenye programu ya tafsiri, atapata jibu, na jibu hilo litampoteza.

Mistari yote ya mfano humu imetungwa kwa ajili ya maelezo. Hakuna uliochotwa kwenye wimbo wa mtu.

Tuanze na nahau zilizokomaa, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo rahisi kuzipatia jibu la uhakika. Sehemu ya nahau ya The Free Dictionary inafaa kufunguliwa kabla ya nyingine zote. Ubora wake ni kwamba chini ya kidahizo kimoja (neno au msemo unaoongoza maelezo katika kamusi) inapanga maelezo kutoka kamusi kadhaa, ikiwemo ya McGraw-Hill ya nahau na vitenzi vya Kimarekani, na ile ya American Heritage iliyoandikwa na Christine Ammer, ambayo mara nyingi hutaja nahau ilianza lini na ilitoka wapi. Ukisoma maelezo mawili matatu ya nahau ileile unaanza kuona mipaka yake. Chukua mstari "I got cold feet at your door". Kamusi moja ikikwambia kwamba "cold feet" ni woga, hujapata kitu bado. Ukizisoma pamoja unaona kwamba ni woga wa dakika za mwisho, unaomwingia mtu aliyekwisha kuamua kufanya jambo, hasa jambo kubwa kama ndoa. Anayemkimbia nyoka hana "cold feet". Kwa hiyo mstari unatuambia kwamba mwimbaji alikuwa ameamua, akafika mlangoni, kisha akarudi nyuma. Wimbo mzima unaweza kusimama juu ya tofauti hiyo ndogo, na ndiyo sababu ufafanuzi wa neno moja hautoshi.

Kasoro za tovuti hiyo ni matangazo mengi na mrundikano: maana adimu hukaa sambamba na maana ya kawaida bila kukuonyesha ipi inatumika zaidi. Tazama maana ambayo kamusi zaidi ya moja zimeikubali, kisha ijaribu kwenye mstari wako.

Wengi hukwama mapema zaidi, kwenye kisanduku cha kutafutia. Wanaandika maneno kama yalivyoimbwa, hawapati kitu, wanahitimisha kwamba si nahau. Kamusi za Kiingereza huorodhesha nahau katika umbo lake la msingi, na wimbo hauliheshimu umbo hilo. Tuseme umesikia "been wearing this foolish heart on my sleeve". Kwanza rudisha kitenzi kwenye umbo lake la kawaida: "wearing" inakuwa "wear". Pili, ondoa vivumishi vilivyoingizwa kujaza mdundo, yaani "foolish". Tatu, badilisha viwakilishi vya umiliki. Kama kitu ni cha mtenda mwenyewe, kamusi huandika "one's" au "your". Kama ni cha mtu mwingine, mara nyingi huandika "someone's". Hapo unapata "wear one's heart on one's sleeve", na kidahizo kipo: kuonyesha hisia zako waziwazi bila kuzificha. Usemi huu ulijulikana zaidi kupitia mhusika Iago katika tamthilia ya Othello ya Shakespeare. Kwa "pull someone's leg", yaani kumtania mtu kwa kumdanganya kidogo, utatumia "someone's", maana mguu ni wa yule anayetaniwa.

Nne, rudisha kilichomezwa. "Gonna" ni "going to", "wanna" ni "want to", "'bout" ni "about", "'cause" ni "because". "Ain't" hubeba kazi za "am not", "is not", "are not", "has not" na "have not", kwa hiyo unaisoma kulingana na kiima na kitenzi kinachoifuata. Na ukikuta ukanushi mara mbili, kama "I ain't told nobody here", usijaribu kuufuta kwa hesabu. Maana yake ni "sijamwambia mtu hapa", na ukanushi wa pili unaongeza uzito tu.

Ukibaki na neno moja tu unalolishuku, nenda OneLook. Hiyo ni injini inayotafuta katika kamusi nyingi kwa pamoja, na inakubali alama ya nyota mahali pa herufi au maneno usiyoyajua. Andika sleeve, nyota mbili kila upande, na itakuletea misemo yenye neno hilo ndani yake. Kwa msikilizaji aliyeshika nomino moja tu katika mstari uliopita haraka, hakuna njia nzuri kuliko hii, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache.

Vitenzi vyenye vihusishi ndivyo vinavyowaangusha hata walio hodari, kwa kuwa havionekani kama nahau. Ni maneno mafupi, yote yanajulikana, na msikilizaji anayapita bila kusimama. "I fell for you" ni nilikupenda. "I fell for it" ni nilidanganyika. Mtunzi mjanja anaweza kuiweka mistari hiyo miwili ikifuatana, na asiyejua tofauti yake atasikia marudio matupu. "You led me on" ni ulinipa matumaini ambayo hukukusudia kuyatimiza. "You let me down" ni uliniangusha nilipokutegemea. "Make up" inaweza kuwa kupatana baada ya ugomvi, au kutunga jambo la uongo. "You ran out on me" ni ulinitelekeza, hali "we ran out of time" ni muda ulituishia.

Kwa hivi, Cambridge Dictionary ya mtandaoni ndiyo bora. Fafanuzi zake zimeandikwa kwa maneno mepesi kwa makusudi, kwa ajili ya wanaojifunza, kila maana ina sentensi ya mfano, na matamshi ya Uingereza na Marekani yanasikika yote mawili. Lebo za nchi zina thamani kubwa kwenye nyimbo. "Pissed" ya mwimbaji wa Uingereza kwa kawaida ni mlevi. Ya Mmarekani ni mwenye hasira. "Fit" kwa Mwingereza akimsifia mtu ni mwenye mvuto wa mwili, wala hazungumzii mazoezi. Jua mwimbaji anatoka wapi kabla hujachagua maana. Udhaifu wa Cambridge ni kwamba misimu ya mtaani huichelewesha, na lugha chafu inaipa nafasi ndogo.

Sasa tufike kwa Genius, tovuti ambayo kila mtu huitaja kwanza. Ilianza mwaka 2009 ikihusu maneno ya rap pekee, ikachukua jina la Genius mwaka 2014 ilipokuwa imepanuka hadi muziki wa kila aina, na mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya MediaLab. Kazi yake ni moja: unabofya mstari uliowekewa rangi, ufafanuzi unafunguka pembeni. Fafanuzi huandikwa na wachangiaji wa kujitolea na hupigiwa kura.

Inapokuwa vizuri, hakuna inayoikaribia. Nguvu yake ni marejeo. Kiingereza cha nyimbo kimejaa Biblia, michezo, karata na fedha, na wachangiaji wa Genius huyafukua hayo kwa bidii. "The writing's on the wall" imetoka sura ya tano ya kitabu cha Danieli, mkono ulipoandika ukutani hukumu ya mfalme Belshaza, kwa hiyo ni dalili ya mwisho ulio karibu na usioepukika. "On the ropes" na "throw in the towel" zimetoka ulingo wa ndondi: ya kwanza ni kubanwa hadi kukaribia kushindwa, ya pili ni kukubali kushindwa. "Curveball" na "out of left field" ni za besiboli, zote mbili zikigusa jambo lisilotarajiwa. "Call my bluff", "fold" na "ace up my sleeve" ni za mezani kwenye mchezo wa karata wa poka. "Benjamins" ni noti za dola 100, zenye sura ya Benjamin Franklin, na "dead presidents" ni noti kwa jumla, ingawa huyo Franklin hakuwahi kuwa rais. Mtu asiyekulia na besiboli wala poka hawezi kubuni haya, na kamusi nyingi hazimwonyeshi jinsi mtunzi alivyoyapanga kwenye beti tatu mfululizo ziwe picha moja.

Lakini msikilizaji wa Kiswahili lazima aelewe kasoro kubwa ya Genius. Wanaoandika fafanuzi nyingi ni watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza, au wanaokijua kama wao, na wanafafanua kile kinachowatatiza wao. "Under the weather" hawaigusi. Kwao ni wazi kwamba ni kujisikia mgonjwa kidogo. "Led me on" hawaigusi. Utakuta aya ndefu juu ya bondia aliyetajwa kwenye mstari wa pili, na kimya kabisa juu ya kitenzi cha mstari wa kwanza ambacho ndicho kinachobeba maana. Mstari usio na rangi si mstari usio na nahau. Ndiyo maana Genius ni zana ya pili, ya kufunguliwa baada ya kamusi. Ukiitanguliza utajenga tafsiri ya wimbo juu ya mapambo, na nguzo umeziruka.

Kasoro ya pili ni kuzidisha. Mchangiaji hupata alama kwa kuchangia, na alama hizo huwavuta watu kuona siri mahali ambapo mtunzi alitafuta vina tu. Tazama hadhi ya ufafanuzi kabla hujauamini. Uliothibitishwa umeandikwa na msanii au mtu aliyehusika na wimbo, na huo una uzito wa pekee. Uliokubaliwa na wahariri umepita macho ya watu kadhaa. Ule ulioandikwa kwamba haujapitiwa ni maoni ya mtu mmoja. Halafu uulize mambo matatu: je, maelezo yanaeleza sarufi ya mstari wenyewe, au yanarukia maisha ya msanii? Je, yanaelewana na mstari uliotangulia na unaofuata? Je, kuna mahojiano yaliyounganishwa ambapo msanii amesema hivyo kwa kinywa chake? Ufafanuzi unaofeli yote matatu uache, hata ukiwa na kura nyingi.

Kuna jambo moja la kufurahisha kuhusu Genius na nahau. Mwaka 2019 ilidai kwamba maneno ya nyimbo yaliyokuwa yakionekana kwenye matokeo ya utafutaji ya Google yalinakiliwa kutoka kwake. Ushahidi wake ulikuwa alama za ritifaa, kama ile iliyomo katika "ain't": ilikuwa imechanganya zilizonyooka na zilizopinda kwa mpangilio ambao, ukisomwa kwa msimbo wa Morse, ule wa herufi za nukta na vistari, unaandika "red handed", nahau ya kumkamata mtu katikati ya tendo. Kesi iliyofungua dhidi ya Google haikufanikiwa mahakamani. Kwa msomaji, funzo la vitendo ni dogo lakini la kweli: maneno yanayojitokeza juu ya ukurasa wa utafutaji huja bila fafanuzi, basi usiishie hapo.

Misimu inahitaji zana mbili zinazosahihishana. Urban Dictionary, iliyoanzishwa na Aaron Peckham mwaka 1999, ina haraka ambayo hakuna kamusi nyingine inayoiweza. Neno likizaliwa leo, keshokutwa limo. Kwa "no cap", yaani sisemi uongo, au "throw shade", kumrushia mtu kijembe cha chinichini, itakusaidia upesi. Ila mtu yeyote anaweza kuandika, wengi huandika kwa mzaha au matusi, na ufafanuzi wenye kura nyingi mara nyingi ni ule uliochekesha zaidi. Soma angalau fafanuzi nne au tano, tafuta kiini kinachojirudia, na tupa kinachotokea mara moja tu. Angalia pia tarehe ya kila ufafanuzi. Wimbo wa mwaka 1975 hauwezi kuelezwa kwa maana iliyoibuka baada ya 2010.

Tarehe ndiyo kazi ya Green's Dictionary of Slang. Jonathon Green aliitoa kwa juzuu tatu mwaka 2010, na tangu 2016 ipo mtandaoni. Kila maana ina mifano ya matumizi iliyopangwa kwa miaka, ikirudi nyuma karne nyingi. Hapa unaweza kuona neno likigeuka mbele ya macho yako: "bad" na "sick" zikitoka kwenye ubaya na ugonjwa hadi kwenye sifa. Kwa nyimbo za zamani za bluzi, jazi na soul, hii ni zana isiyo na mbadala. Tahadhari ya miaka haiishii kwenye misimu. "Make love" katika wimbo wa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa kuchumbia kwa maneno matamu. Aliyeisikia kwa maana ya leo amemsingizia mwimbaji. Tatizo la Green's ni ugumu wa kusoma: vifupisho vingi, maana zilizopangwa kwa nambari na herufi, na hakuna lugha nyepesi. Vumilia. Tafuta mfano wenye mwaka ulio karibu na wa wimbo wako, kisha usome maana iliyo juu yake.

Tafsiri ya mashine, kama Google Translate, inakupa mada ya ubeti kwa haraka na inatosha hapo. Kwenye nahau ni hatari hasa pale Kiswahili chenyewe kina nahau inayofanana kwa sura. "You broke my heart" ikigeuzwa kuwa "ulinivunja moyo" inasomeka vizuri kabisa, na ndiyo ubaya wake: kumvunja mtu moyo kwetu ni kumkatisha tamaa, hali Mwingereza anazungumzia jeraha la mapenzi. Tafsiri mbovu inayochekesha haina madhara, maana unaishuku mara moja. Hii iliyo laini hupita bila kuulizwa. Kila mashine inapokuletea nahau nzuri ya Kiswahili, rudi kwenye kamusi ya Kiingereza uhakikishe kwamba zinakutana kweli. Anayejua kwamba kupata jiko si kununua jiko hahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini.

Roboti za mazungumzo za akili bandia zimekuwa nzuri zaidi kuliko mashine za tafsiri kwa kazi hii, mradi uzilishe vizuri. Usiulize mstari mmoja mkavu. Bandika mstari wenyewe pamoja na miwili iliyotangulia na miwili inayofuata, taja mwaka, aina ya muziki na nchi ya mwimbaji, kisha uliza: hii ni nahau ya kamusi au imebuniwa na mtunzi, na kama ni ya kamusi, kidahizo chake ni kipi? Kidahizo hicho ukakithibitishe mwenyewe kwenye The Free Dictionary au Wiktionary, kamusi huria ya mtandaoni. Faida yao kubwa ni kwenye nahau zilizopindwa. Mstari "I burned that bridge, then I learned to swim" hauna kidahizo kamili. Roboti itakuonyesha "burn one's bridges" chini yake, yaani kujikatia njia ya kurudi, na hapo utaona mtunzi alivyoiendeleza picha: daraja limeungua, basi atavuka mto kwa mikono yake.

Zinakosea mahali pawili. Ukiziomba zikumbuke maneno ya wimbo, zinaweza kutunga mistari isiyokuwepo, kwa hiyo maneno uyalete wewe. Na ukiziuliza asili ya nahau, zinaweza kurudia hadithi tamu zilizosambaa mtandaoni. "Saved by the bell" husimuliwa kwamba ilitokana na kengele zilizofungwa kwenye majeneza ya watu waliozikwa wakiwa hai. Si kweli. Ilitokana na kengele ya mwisho wa raundi, inayomwokoa bondia aliyekaribia kuangushwa. Hadithi ikiwa nzuri mno na haina mfano wa maandishi wenye mwaka, iache ipite.

Mwisho kuna Musixmatch, kampuni iliyoanzishwa Bologna, Italia, mwaka 2010, ambayo huonyesha maneno yakitembea pamoja na sauti na kuyasambaza kwenye huduma za muziki kama Spotify. Kazi yake kuu si kufafanua, na tafsiri zake hutegemea wachangiaji, hivyo ubora hutofautiana wimbo kwa wimbo. Ila kwa kusikia, inafaa sana: unaona neno lilelile linalomezwa kinywani, na unajua cha kutafuta. Kumbuka tu kwamba maneno hayo mara nyingi huandikwa na watu kwa kusikiliza, na masikio hukosea. Mstari ukiwa haueleweki baada ya kamusi zote, linganisha uandishi wa Musixmatch na wa Genius. Zikitofautiana kwa neno moja, sikiliza sekunde hizo kwa mwendo uliopunguzwa, kisha tafuta tena kidahizo kwa kila neno kati ya hayo mawili.